Kundi la WhatsApp, kundi la Facebook au tovuti yako? Hesabu za mtandao wa bajeti ndogo unapokua ghafla

Kila msimu wa kupanda Mlima Kilimanjaro unapokaribia kuchanganya, Juni kuelekea Julai, wazo lile lile huibuka upya Moshi: tuanzishe mtandao wetu. Wapagazi wanataka mahali pa kupashana habari za safari zinazohitaji watu. Wapishi wanataka kujulikana. Waongoza watalii wanataka kuulizana kampuni ipi inalipa kwa wakati na ipi inapiga watu danadana hadi masika. Kisha kijana mmoja, yule anayetengeneza simu na kuwajazia watu fomu za mikopo ya vyuo, anaambiwa: "Kaka, wewe si unajua mambo ya kompyuta? Tutengenezee." Mfuko uliopo ni michango ya elfu tano tano.

Makala hii ni ya kijana huyo. Naweka njia tatu bega kwa bega: kundi la WhatsApp, kundi la Facebook, na tovuti mnayoimiliki wenyewe. Telegram nitaigusa kwa kupita. Na msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua: usichague kwa kutazama ipi ni rahisi kuanzisha, maana zote tatu unaweza kuzianzisha kabla ya chakula cha mchana. Tazama mambo mawili. Siku watu wakimiminika, bili inakwenda kwa nani? Na nani ameshika mlango?

Bili inakwenda kwa nani

Fikiria sherehe ya kipaimara huku kwetu. Umepika sahani mia, wamekuja watu mia nne. Kwa WhatsApp na Facebook, jiko ni la mwenye ukumbi: atapika hadi watu washibe, lakini yeye ndiye anayeamua muziki na nani akae meza ipi. Kwa tovuti yako, jiko ni lako, na ndizi zikiisha watu wanakutazama wewe.

Tuanze na WhatsApp. Facebook ilipotangaza kuinunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, kampuni hiyo ilikuwa na wafanyakazi 55 tu huku watumiaji wakiwa kama milioni 450. Watu huisimulia kama miujiza. Kilichosaidia ni kwamba huduma yenyewe ilifanya kazi moja: kuutoa ujumbe simu hii na kuufikisha simu ile. Ukishafika, seva, yaani kompyuta ya kampuni inayohudumia wote, haiendelei kuutunza. Hakuna ukurasa wa kupanga upya kila mtu anapoingia, hakuna picha ya mwaka juzi ya kumtafutia mtu.

Huo ndio uzuri wake kwenu, na ndio ubaya wake. Uzuri, kwa sababu hamlipi hata senti ya seva. Ubaya, kwa sababu mzigo umehamishiwa kwenye simu ya mwanachama. Mpagazi mwenye simu ya GB 32 akijiunga na kundi la watu mia saba, ndani ya muda mfupi simu imejaa pomoni picha za "asubuhi njema" zenye maua na video ambazo hakuziomba. Na lile tangazo la muhimu, kwamba kesho lango la Machame wanahitajika watu sita, limezama chini ya salamu mia mbili. Aliyeamka saa nne halioni tena. Mwanachama aliyeingia leo ndiyo kabisa, hajui lolote lililosemwa mwezi uliopita.

Facebook nayo bili ya seva ni yao, ila yenyewe inatunza. Ulichoandika msimu uliopita kipo, na ukitafuta kwa neno unaweza kukipata, ingawa utafutaji wake ndani ya makundi hauna raha. Tatizo lake ni lingine. Ukiweka tangazo kwenye kundi la watu elfu tatu, haina maana kwamba watu elfu tatu wameliona. Mashine ya Facebook ndiyo inayochagua nani aonyeshwe nini, na inapenda kinachobishaniwa kuliko kinachosaidia. Ugomvi wa Simba na Yanga utafika kila mahali. Habari ya kazi itaishia kwa watu arobaini.

Sasa tovuti yenu. Kuna programu za bure za kuendeshea jukwaa la mijadala. phpBB ipo tangu mwaka 2000 na inakubali kukaa kwenye hosti ya kawaida, yaani nafasi ya kukodi ya kuwekea tovuti, yenye programu za PHP na MySQL, zile ambazo hata mawakala wa hapa nchini wanauza na unalipa kwa simu. Discourse ni ya kisasa zaidi na inapendeza kwenye simu, lakini inataka seva yake yenyewe yenye RAM isiyopungua GB 1, na seva ya ukubwa huo huko nje inakodishwa kwa takriban dola 5 hadi 6 kwa mwezi. Kwa hiyo kuanza si ghali. Kinachoua ni picha.

Fanya hesabu hii kwa penseli. Saa kumi na moja jioni, makundi yanashuka lango la Mweka. Simu zilizokuwa zimezimwa siku sita zinawashwa. Kila mtu anataka kupandisha picha ya cheti, ya mgeni aliyefika kilele cha Uhuru, ya mizigo kwenye mzani. Picha moja ya simu ya siku hizi ina MB 3 na zaidi. Ukiziacha zilivyo, ukurasa wenye picha 20 una MB 60. Watu 500 wakiufungua jioni hiyo, seva yako imetoa GB 30, na kila mmoja wao bando lake limeliwa MB 60 kwa kutazama ukurasa mmoja. Hawatarudi. Ukiiambia programu ipunguze kila picha hadi KB 80 wakati inapopandishwa, ukurasa ule ule unakuwa MB 1.6, na watu wale wale 500 wametumia MB 800 kwa jumla. Seva ni ile ile, watu ni wale wale. Mpangilio mmoja kwenye ukurasa wa admini ndio uliobadilika.

Mambo madogo ya namna hiyo yamewasumbua hata wakubwa. Instagram ilipofunguliwa tarehe 6 Oktoba 2010, ilikuwa ikiendeshwa na mashine moja huko Los Angeles yenye nguvu pungufu ya kompyuta mpakato nzuri. Siku ya kwanza walijiandikisha watu 25,000. Mashine ikalemewa, na katika kutafuta mchawi, wa kwanza kukamatwa alikuwa kijipicha kile kidogo kinachokaa kwenye kichupo cha kivinjari. Hawakukiweka. Kila kivinjari kilikuwa kikikiomba chenyewe bila mtu kubofya, na kila ombi lilikuwa likiamsha programu nzima ili ijibu kwamba faili halipo. Kwa hiyo ukiamua kwenda njia ya tovuti, kabla hujawaza kukodi seva kubwa, fungua faili la kumbukumbu za seva, linaloandika kila ombi lililoingia, ulisome kama unavyosoma taarifa ya M-Pesa. Utakuta kitu kinakula bure.

Nani ameshika mlango

Hapa ndipo ningependa tukae zaidi, maana ndipo mitandao mingi ya mfuko mdogo ilipofia, na si kwa kukosa watu. Imekufa kwa kuwapata.

Friendster, mtandao wa kijamii wa Jonathan Abrams, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2003 nchini Marekani, ikiwa imetangulia Facebook. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa na watu wapatao milioni tatu, na Google ilitaka kuinunua kwa dola milioni 30, ikakataliwa. Lakini ilikuwa na tabia moja: mtu akifungua ukurasa, mfumo ulikokotoa anahusiana vipi na wengine, rafiki wa rafiki wa rafiki, hatua kwa hatua. Kwa watu elfu kumi hilo ni jambo dogo. Kwa mamilioni, kila mgeni mpya anaongeza kazi kwa wote waliomtangulia. Ilifika mahali ukurasa unachukua hata sekunde 40 kufunguka. Watu wakahamia kwa mshindani wake, MySpace, ambayo wakati huo ilikuwa ya ovyo kwa sura lakini inafunguka.

Facebook ilianza tarehe 4 Februari 2004 kwenye chumba cha bweni la Harvard, seva ikikodiwa kwa takriban dola 85 kwa mwezi. Mfuko wao mwanzoni haukuwa mnene. Walichofanya ni kufunga mlango. Mwanzo waliingia wa Harvard peke yao, kwa barua pepe ya chuo. Kisha Columbia, Stanford na Yale. Kila chuo kikiongezwa, kinapewa hifadhidata yake, yaani ghala lake la taarifa, hivyo wanafunzi wa chuo hiki hawaongezi mzigo wa kile. Wanafunzi wa sekondari walisubiri hadi 2005, na watu wengine wote hadi Septemba 2006. Vyuo vilikuwa vinapanga foleni kuomba. Mwishoni mwa 2004 walikuwa wameshafika milioni moja bila kuwa na fedha za kuwapokea watu milioni moja kwa siku moja.

Mlango uliofungwa una faida ya pili ambayo watu huisahau. Ndani, watu wanajuana. Mpagazi wa Marangu akiona jina la mtu wa kijiji jirani anajua kama ni mkweli. Ukifungua kwa "Watanzania wote" siku ya kwanza, utapata watu elfu moja wasiojuana, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze kuongea.

Sasa linganisha milango ya njia zetu tatu.

Mlango wa WhatsApp una kufuli ya aina moja: kundi likifika watu 1,024 limejaa. Hapo ndipo inapozaliwa "Wapagazi Moshi 2", halafu "3", na habari ya kundi la kwanza haivuki hadi admini aibebe kwa mkono. Kabla ya kujaa, kiungo cha mwaliko kinazunguka kama karatasi ya mchango wa harusi. Kikitua kwenye kundi lingine, wameingia watu usiowajua, na humo ndani namba za simu za wote ziko wazi. Wale jamaa wa "ile hela itume kwenye namba hii" hawahitaji kingine. Na kina dada waliomo, wapishi na wapagazi, wataanza kupata ujumbe wa saa tano usiku kutoka kwa watu ambao hawakuwapa namba. Kama kundi lenu lina wanawake wengi, hilo peke yake lingenitoa WhatsApp.

Facebook inakupa mlango mzuri kuliko watu wanavyoutumia. Unaweza kulifanya kundi kuwa la faragha, ukaweka maswali ya kujibu kabla ya kuingia, ukakubali mmoja mmoja. Uliza swali ambalo aliyefanya kazi mlimani tu ndiye anayelijua. Muulize kambi inayofuata baada ya Shira kwa njia ya Machame, au uzito wa juu wa mzigo unaoruhusiwa getini na hifadhi, ambao ni kilo 20. Matapeli hawasomi. Ila ujue mwenye nyumba ni mwingine. Kundi likifungwa kimakosa au akaunti ya admini ikiibiwa, unaandika malalamiko kwenye fomu na kusubiri huruma ya mashine.

Kwenye tovuti yenu, mlango ni wenu asilimia mia. Ningeanza na lango moja tu, tuseme Marangu, na kila anayeingia awe na mdhamini aliyemo tayari. Likitulia, Machame. Londorosi na Umbwe baadaye. Watakaosema mnabagua watakuwepo. Waambie tarehe zao za kufunguliwa, na mzitimize.

Wenye Arusha wanaoniuliza kuhusu mtandao wa madereva wa safari za mbugani, hesabu ni ile ile, ila mlango wao upangwe kwa aina ya kazi kuliko kwa eneo. Dereva wa Kijenge na wa Sakina wanakutana Ngorongoro.

Mtu akilalamika, anamtafuta nani

Hili halina raha lakini halikwepeki. Mtandao wa wafanyakazi utaandikwa malalamiko. Fulani hajalipwa, fulani alipewa mzigo uliozidi, bakshishi ya mgeni haikufika. Siku moja kampuni iliyotajwa itatafuta wa kujibu.

Kwa tovuti, ni wewe. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotoka mwaka 2018 zilitaka watoa maudhui, wakiwemo wenye majukwaa, wawe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kwa wakati ule ada zote pamoja zilifika kama shilingi milioni 2.1. JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums ikiwa kazi ya Maxence Melo na Mike Mushi, na ambayo imekuwa jukwaa kubwa kwa kuanzia padogo, ililazimika kujifunga kwa muda Juni 2018 kwa sababu hiyo. Kanuni na viwango vimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo nenda TCRA ukaulizie vya sasa, na uulize kama jukwaa la wanachama peke yao linahesabiwaje. Usiulize baada ya kuzindua. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ukikusanya majina, namba na vitambulisho vya watu, wewe ni mkusanyaji wa taarifa na una wajibu wake. Dawa nyepesi: usikusanye usichohitaji. Namba ya NIDA ya mpagazi unaitakia nini?

Wa kwenye WhatsApp na Facebook msijione mmepona. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haibagui aina ya kundi. Tofauti ni kwamba hamhitaji kuendesha miundombinu huku mkijitetea. Kwa njia zote tatu ningeweka sharti moja la kuandika malalamiko: tarehe ya safari, njia, kiasi kilichoahidiwa, kiasi kilichotolewa, na nakala ya makubaliano kama ipo. Matusi yafutwe saa hiyo hiyo.

Hela ya kuendesha

Kwa ufupi. Matangazo yasikudanganye. Ni kweli Markus Frind wa Vancouver, Kanada, alianzisha tovuti ya kutafuta wachumba ya Plenty of Fish mwaka 2003, akaiendesha kwa miaka karibu peke yake kwa fedha za matangazo, na mwaka 2015 ikauzwa kwa dola milioni 575. Lakini watumiaji wake walikuwa Kanada, Marekani na Uingereza, ambako mtangazaji analipa vizuri kwa kila bofyo. Wasomaji elfu mbili wa Kiswahili kwa simu hawatalipa hata jina la tovuti. Panga michango kupitia namba ya malipo ya kikundi, si namba ya mtu binafsi, na mapato na matumizi yabandikwe pale pale kila mwezi. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, kazi inapokauka, michango nayo inakauka. Kusanyeni ya mwaka mzima kati ya Julai na Oktoba.

Kwa hiyo uchague ipi

Kama mko chini ya watu mia mbili, mnajuana, na mnachohitaji ni habari ya kesho asubuhi, WhatsApp inatosha na tovuti ni kujitafutia presha. Ruhusu maadmini tu kuandika kwenye kundi la matangazo, na fungueni kundi la pili kwa soga, anayetaka salamu azifuate huko.

Kama mnataka kufikiwa na watu wapya na hamna mtu wa kushughulika na seva, Facebook, kundi la faragha lenye maswali ya mlangoni. Kubali kwamba sehemu ya wanachama haitaona unachoandika.

Telegram ingekuwa jibu zuri kuliko zote mbili. Kundi linabeba hadi watu 200,000, mtu anaweza kuficha namba yake, na anayejiunga leo anaweza kusoma ya nyuma. Shida ni kwamba wapagazi wengi hawako huko, na kumhamisha mtu programu ni kazi kuliko kumpandisha hadi kambi ya Barafu. Kwa wanafunzi wa MoCU, chuo kikuu cha ushirika, au chuo cha wanyamapori cha Mweka ningeijaribu kwanza.

Tovuti ichagueni kwa sababu moja tu: kuna kitu kinachopaswa kupatikana tena msimu ujao. Orodha ya kampuni na jinsi zilivyolipa. Majina ya wapishi na safari walizopika. Bila kitu cha namna hiyo, mnalipia jiko la sahani za salamu. Na hata mkiichagua, kundi la WhatsApp mliache liendelee kuwa kengele: tangazo linaandikwa kwenye tovuti, kiungo kinatumwa kwenye kundi.

Mkishaamua kujenga, jina la .co.tz lisajiliwe kwa jina la kikundi, si la kijana aliyetengeneza, maana akipata kazi Dar ataondoka na funguo. Nywila ziwe kwa watu wawili wasioishi nyumba moja. Nakala ya hifadhidata ishushwe kila wiki na kuwekwa nje ya seva, na kabla ya msimu kuanza mtu akae nayo jioni moja ajaribu kuirudisha kwenye seva tupu hadi ukurasa wa kwanza ufunguke kwenye simu.